Habari za Jioni, Saa Saba Mchana

Jumapili, saa kumi jioni. Omurushaka.

Mvua haijanyesha, lakini imetukalia juu tangu asubuhi. Mawingu yameshuka mpaka karibu na migomba na hakuna hata jani linalotikisika. Nimejifungia studio peke yangu. Simu ya ofisi iko mbele yangu mezani. Kuna simu moja naisubiri, na naiogopa.

Leo sina utani kama wa wiki iliyopita. Mtanisamehe.

Kwa ambaye hajawahi kupita kwenye ukurasa huu: mimi ni fundi sauti wa redio ndogo ya jamii, na tuko watatu tu. Kuna Mkurugenzi, kuna Deusi mtangazaji, na mimi. Tukishafunga ofisi jioni, kompyuta moja ndiyo inayobaki kazini. Inapiga nyimbo, inapiga vipindi tulivyorekodi, na ikifika saa moja jioni inapiga matangazo: vifo, wagonjwa, ng'ombe waliopotea, mikutano ya ushirika. Watu wa Mabira na Nyakatuntu wanaweza kukosa taarifa ya habari wiki nzima wasiulize. Matangazo ya saa moja hawayakosi.

Kompyuta hiyo ndiyo niliyowaandikia habari zake. Ilikuwa imeanza kutuonya kila tunapoiwasha kwamba mfumo wake umezeeka, hautapata tena ulinzi, tuhamie mpya. Nikawauliza: tubadilishe au tuache? Mlinijibu wengi kuliko siku nilipoandika kuhusu ndoa. Mmoja alisema ameshahamia na sasa mashine yake inawaka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Mwingine akasema heri yake, kwani printa ya kwake imemkana tangu siku ile. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba kitufe cha kuanzia kimehamishiwa katikati, akajiona kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamia upande wa jikoni. Wapo walioniambia kuwa mfumo mpya ni salama na anayeukataa anakaribisha wezi. Na dada mmoja, jina hakuweka, aliandika kwa kifupi tu: kizima hakitengenezwi.

Hapa ofisini nako tuligawanyika. Mkurugenzi alisema redio haiwezi kujiita ya kisasa huku ikiendeshwa na kizee. Deusi alitaka mpya kwa sababu ni mpya. Yeye hata shati akinunua, la zamani analigawa siku hiyo hiyo.

Mimi sikutaka. Mbele yao nilisema nahofia vipindi visije vikapotea. Ukweli ni kwamba mashine ile ya zamani niliijua kama ninavyojua jiko langu, hata gizani, na sikutaka Deusi anione napapasa. Nikashindwa, wawili kwa mmoja. Siku zote zilizofuata nikawa naomba kimoyomoyo hiyo mpya iwaumbue, hata kidogo, ili wanirudie mimi.

Niliomba hivyo. Nisingeomba.

Alhamisi asubuhi alikuja fundi kutoka Kayanga akapiga window, yaani akaweka ule mfumo mpya. Alikuwa kijana mpole, hakuharakisha, alihamisha kila kitu pembeni kwanza ndipo akaanza. Ilipofika adhuhuri alikuwa amemaliza. Nilikagua nyimbo, zipo. Vipindi, vipo. Ratiba ya matangazo, ipo. Nilitafuta kosa kwa bidii kama mama mkwe na sikuliona. Deusi alicheka, akaonyesha kona ya chini ya kioo, akasema hatimaye na sisi tuna saa kama watu wengine duniani.

Niieleze hiyo saa, maana yote yametokea hapo.

Redio ilipoanza, watangazaji walikuwa wanatazama saa ya kompyuta na kuwasomea wasikilizaji. Mashine inasema kumi na tatu, mtu yuko hewani, ahesabu aondoe sita, huku anakohoa. Wakawa wanatangaza saa za ajabu. Basi waliokuwepo wakati huo wakaamua jambo la akili kabisa: wakairudisha saa ya kompyuta nyuma ili isome kama tunavyosoma sisi. Jua likizama, kompyuta nayo inaandika saa moja. Na ratiba zote zikapangwa kwa saa hiyo. Mimi nilipoajiriwa nilikuta hivyo, nikaona ndivyo redio zilivyo.

Mfumo mpya ulipounganishwa na mtandao ukajirekebishia saa wenyewe. Ratiba haikuguswa. Matangazo yalibaki yamepangiwa saa moja mchana kwa hesabu za mashine, na kwa mashine sasa saa hiyo ni yetu saa saba, wakati jua liko utosini. Saa ile Deusi yuko hewani na kipindi chake cha mchana, na sauti ya kompyuta inakuwa imeshushwa mpaka chini kwenye miksa. Kwa hiyo matangazo yalikuwa yanapigwa kila siku ndani ya mashine, bila hata neno moja kutoka nje. Jioni watu walipokaa kusikiliza, walipigiwa muziki.

Sote watatu tuliiona saa imebadilika. Tukaifurahia.

Alhamisi hiyo hiyo, alasiri, aliingia dada Kemilembe kutoka Nyakatuntu. Mama yake, Ma Paskazia, alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali kwa namna ambayo sote tunaijua, ile ya kuambiwa mpelekeni tu nyumbani apumzike. Alikuwa anamtaka mtoto wake wa mwisho, Byamungu. Huyo anachunga ng'ombe wa tajiri mmoja kwenye mbuga huko ng'ambo ya Mabira. Hana simu, na hata angekuwa nayo mtandao haufiki. Anahama na ng'ombe kufuata majani. Alicho nacho ni redio ndogo anayoivaa shingoni kwa kamba, na mama yake alijua kwamba saa moja jioni, akishafunga zizi, lazima anaisikiliza.

Kulikuwa na shida moja. Kwetu huku mtu hapewi habari ya msiba akiwa mbali. Anaambiwa mama ni mgonjwa sana, njoo. Akifika anakuta watu wamekaa uani. Kila mtu anajua hivyo, kiasi kwamba ukisikia redioni fulani ni mgonjwa sana, unaanza kulia hapo hapo. Ma Paskazia aliliwaza hilo kitandani. Akasema Byamungu akisikia tangazo la kawaida atadhani nimeshakufa, atakata tamaa, ataona hana haja ya kukimbia. Akaomba arekodiwe mwenyewe.

Kemilembe alikuwa na sauti hiyo kwenye simu yake. Niliisikiliza nikiwa nimevaa spika za masikioni. Ilikuwa sauti nyembamba lakini haitetemeki. "Byamungu, mwana wange, ni mimi mwenyewe. Ndiho. Niko hai, wasikudanganye. Ija nkubone." Nipo, njoo nikuone. Kisha akapumua, na nyuma yake kuku akalia.

Niliisafisha kwa uangalifu, yule kuku nikamwacha. Mbele yake nikaweka sauti yangu: habari za jioni msikilizaji, tunaanza na ujumbe kwa Byamungu aliyeko machungani. Nikaupanga uwe wa kwanza. Nikamwambia Kemilembe aende kwa amani, leo saa moja kaka yake atasikia.

Jioni hiyo nilikuwa mazoezi ya kwaya usharikani, na Ijumaa pia, maana sikukuu ya mavuno iko karibu. Ijumaa nikitoka, mama muuza ndizi aliniuliza kama siku hizi tumeacha kusoma matangazo. Nilimjibu labda betri zake zimechoka. Jana umeme ulikatika mtaani kwetu jioni nzima. Kemilembe alipiga simu jana asubuhi kuuliza kama tulisoma kweli, kwa sababu siku mbili zimepita na kaka yake hajatokea, na bodaboda aliyetumwa kumtafuta mbugani amerudi bila kumwona. Nilifungua ripoti ya kompyuta. Mbele ya jina la Byamungu kulikuwa na alama ya kijani: imechezwa.

Nikamwambia imesomwa. Nilisema kwa uhakika kabisa.

Leo baada ya ibada Kemilembe alinipigia tena akasema yuko nje ya ofisi, nije nifungue. Nilimkuta amesimama kwenye ngazi amebeba sanda kwenye mfuko mweusi. Ma Paskazia amefariki alfajiri ya leo. Mazishi ni kesho saa nane mchana. Tangazo la kifo hatulipokei kwa simu, kwa sababu watu huku walishawahi kuzikana redioni wakiwa hai kwa ajili ya ugomvi wa kibanja cha migomba. Kwa hiyo ilimbidi aache msiba nyumbani aje mwenyewe.

Alikuwa hajalia. Aliniambia tu kwamba mama alikuwa anauliza kila jioni imefika saa ngapi. Jana wakamwekea redio kando ya mto wa kulalia ili ajisikie mwenyewe. Akasikiliza muziki mpaka akasinzia.

Mpaka hapo nilikuwa bado sijaelewa. Nilikuwa nashangaa tu.

Jumapili mchana Deusi haji, kompyuta ndiyo inayopiga kwaya, na sauti yake inakuwa imepandishwa. Tulikuwa tumekaa studio, mimi naandika jina la marehemu, spika ya ukutani inaimba. Wimbo ukakatika katikati. Kisha nikajisikia mimi mwenyewe nikisema, kwa ile sauti yangu ya kazi: habari za jioni msikilizaji.

Nje jua la saa saba lilikuwa linapenya kwenye mawingu.

Niliganda. Nilitakiwa nirukie miksa, nishushe sauti, nifanye lolote. Sikufanya. Ma Paskazia akaanza kuongea. Byamungu, mwana wange, ni mimi mwenyewe. Kemilembe aliinuka taratibu akaenda kwenye spika, akaiwekea kiganja kama mtu anayepima joto la mtoto. Ndiho, mama yake akasema, wasikudanganye. Kuku akalia. Kemilembe hakugeuka mpaka kwaya iliporudi.

Alipogeuka aliniuliza swali moja tu, ni mara ya ngapi hiyo kusikika.

Nikamwambia ni ya kwanza.

Sikujua kama angenipiga au angepiga kelele. Angepiga kelele ningeshukuru. Alikaa chini, akaupanga ule mfuko wa sanda magotini, akasema, "Kumbe hakukataa kuja." Siku zote hizi pale nyumbani walikuwa wameanza kumsema Byamungu. Wajomba walishasema roho yake imekuwa ya ng'ombe. Mama mwenyewe hakusema neno baya, lakini amekufa akijua mwanawe ameisikia sauti yake na hakuja.

Hilo ndilo linaloniuma. Kifo kinakuja kwa kila mtu, na cha mzee mgonjwa kina njia yake. Lakini huyu mama aliondoka na uongo, na uongo huo ulipita kwenye mikono yangu.

Nilimpigia Mkurugenzi. Alisema turekebishe ratiba na tusilizungumze sana, watu wakiuliza tuseme ulikuwa umeme. Deusi naye nilimpigia. Alianza kujitetea kuhusu mfumo mpya, akaishia katikati, akakata simu. Ratiba nimeirekebisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Halafu, saa tisa hivi, simu ya ofisi ikaita.

Alikuwa mwanaume anayehema. Alisema yuko Mabira dukani, ameazima simu ya mwenye duka, jina lake Byamungu. Alikuwa ananywesha ng'ombe huku anasikiliza kwaya ndipo akamsikia mama yake. Amemwachia mwenzake ng'ombe na kukimbia mpaka hapo. Nikamtazama Kemilembe, na Kemilembe akaelewa ni nani.

"Dada, samahani," Byamungu akaniambia. "Ile sauti ni ya leo?"

Si mjinga. Anajua redio hurekodi. Alitaka kujua kama akimbie.

Kemilembe alikuwa anatikisa kichwa, mkono mdomoni. Najua alichokuwa anasema. Mtu haambiwi njiani. Atapanda pikipiki akiwa na habari hiyo, atashuka makorongo yale ya kwenda Nyakatuntu haoni mbele, na tutazika wawili. Ndivyo tulivyofundishwa, na sijawahi kuona mtu akifanya vinginevyo.

Nikamwambia, "Ni ya leo."

Akacheka. Kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Akasema tumwambie mama asilale, anatafuta bodaboda sasa hivi, na anamletea samli. Kisha nikasikia anamshukuru mwenye duka na simu ikakatika.

Kemilembe ameondoka kwa pikipiki ili amuwahi. Kabla hajapanda alinishika mkono akaniomba jambo. Byamungu ana ile redio shingoni, na hawezi kuizima sasa, atakuwa anasubiri kumsikia mama tena. Tangazo la kifo lisisomwe mpaka awe amefika. Atanipigia.

Nimemkubalia. Na hapo ndipo niliposhikwa. Ndugu wa Bukoba na Kayanga wasiposikia leo jioni, hawataweza kuwahi mazishi. Msiba mzima unangoja hii saa moja. Mkurugenzi ameshanitumia ujumbe mara mbili: tangazo lisomwe kwa wakati, tusirudie aibu.

Kompyuta nayo imekaa hapa, tangazo la kifo limo tayari, saa yake sahihi, kila kitu sahihi. Nikiiacha bila kuigusa itafanya kazi yake vizuri kabisa.

*

Saa kumi na mbili na nusu.

Mvua imeanza, na si ya mchezo. Nafikiria udongo ule mwekundu wa mteremkoni na pikipiki iliyobeba mtu mwenye haraka. Hakuna simu. Nimejaribu ya Kemilembe, haipatikani.

Nimesoma tena maoni yenu ya wiki iliyopita. Tulibishana kuhusu kasi, printa na vitufe vilivyohama. Si mimi wala nyie, hakuna aliyeuliza nani anategemea kitu hiki na saa ngapi anakisubiri.

*

Saa moja imepita.

Tangazo lilipoanza nimeshusha sauti ya kompyuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nimefungua kipaza sauti nikasema matangazo yatachelewa kidogo kwa sababu ya hali ya hewa, nikapiga kwaya. Simu ya Mkurugenzi imeita, sikupokea. Labda kuna mzee Bukoba amezima redio yake sasa hivi akaenda kulala, na kesho hatamzika dada yake. Hilo nalo ni langu, na safari hii siwezi kusema ni mashine.

Robo saa baadaye Kemilembe akapiga. Nilisikia mvua kwenye bati na watu wengi walionyamaza, kisha kwa mbali, kutoka upande wa barabara, mwanaume akimwita mama yake kwa furaha, "Mawe! Mawe, nimefika!" Akaita tena, karibu zaidi. Hakuna aliyemjibu. Mara ya tatu hakulimaliza neno.

Nimekata simu, nikapandisha sauti, nikalisoma tangazo la kifo mwenyewe, kisha nikalisoma tena.

Kesho nakwenda Nyakatuntu kuzika. Ataijua sauti yangu kabla sijamaliza salamu. Hatutasema ulikuwa umeme. Akiniuliza tena ile sauti ya mama yake ilikuwa ya lini, nitamwambia: ya Alhamisi.